Mwendo wa Kusindikiza

Katika mji wa Eldoret, mtu asiyekimbia hujulikana upesi kuliko anayekimbia. Wakimbiaji ni wengi mno. Alfajiri wanapita makundi kwa makundi kando ya barabara ya Iten na hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Lakini Nelima Wabuge akivuka barabara pale mtaa wa West Indies kwenda kwenye kibanda chake cha kushonea nguo, wanabodaboda huzima kabisa injini zao, kwa sababu wanajua watangoja.

Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa mvivu. Mwezi wa Desemba, wazazi wanapogombania sare za shule, Nelima alikuwa akishona sketi kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana. Ila miguu yake ilikuwa na mwendo mmoja tu, na mwendo huo haukubadilika kwa mvua, kwa jua, wala kwa honi. Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na miwili. Waliomcheka walimcheka mbele yake, naye akacheka nao, maana alikuwa na kicheko kikubwa kilichoanzia tumboni na kuchukua muda wake kufika mdomoni.

Mwenyewe aliuita mwendo wa kusindikiza. Kwao Kimilili, alikozaliwa, mgeni haachwi aondoke peke yake. Akishaaga, mwenyeji naye huinuka, akampeleka mpaka langoni, kutoka langoni mpaka njia panda, na maongezi yakinoga mpaka barabarani kabisa. Na mtu anayesindikiza mgeni hatembei haraka, kwa sababu akitembea haraka ataonekana anamfukuza. Nelima alikuwa amesindikiza wageni tangu akiwa msichana, na miguu yake ikazoea hivyo. Hata alipokuja Eldoret kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na baadaye akaolewa na Wabuge, mlinzi wa ghala la mahindi, mwendo haukubadilika. Wabuge ndiye aliyekuwa na msemo wake wa kila siku: "Mgeni hasindikizwi na macho."

Wabuge aliugua saratani ya koo. Daktari alipowaambia wamrudishe tu nyumbani, Nelima alihisi kama wamefungiwa mlango na watu waliomo ndani. Walikaa wiki mbili katika nyumba yao ya Munyaka bila kujua la kufanya, mgonjwa akiuma shuka kwa maumivu na mke wake akiuma midomo. Ndipo siku moja akabisha hodi mwanamke mwembamba mwenye begi la dawa mgongoni na raba zilizojaa tope mpaka kwenye kamba. Aliitwa Chelimo, muuguzi wa hospisi ndogo, ya kutunza wagonjwa wasiopona, iliyoko ng'ambo ya mto. Gari la hospisi lilikuwa moja, na kila mara lilikuwa ama limeharibika ama liko upande mwingine wa kaunti, kwa hiyo Chelimo alikuwa anatembea.

"Mzee, nisikudanganye," alimwambia Wabuge siku hiyo ya kwanza. "Sikuja kukuponya. Nimekuja ili usiumie."

Sauti ya Wabuge ilikuwa imebaki mnong'ono tu. "Kumbe umekuja kunisindikiza," akasema.

Halafu Wabuge mwenyewe akaanza kucheka, cheko la kukwaruza lililomtoa machozi, na Chelimo naye akacheka, na Nelima, ambaye hakuwa amecheka tangu hospitali, akacheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia siku hiyo, kila Chelimo alipomaliza kazi yake na kufunga begi, Wabuge aligonga mbao za kitanda kwa kidole. Maana yake: mama, inuka, mpeleke mgeni. Nelima aliinuka. Alimsindikiza Chelimo mpaka kwenye lami, wakiongea habari za nyanya, za serikali, za watoto wa majirani, na yale maongezi ya njiani ndiyo yaliyomfanya aweze kurudi kitandani kwa mumewe na uso uliotulia. Hakuwahi kujiuliza Chelimo anakimbilia wapi. Mpaka jioni moja, walipokuwa wamesimama kwenye lami, simu ya Chelimo ikalia, na Nelima akasikia sauti ya mwanamke upande wa pili ikisema baba amelia tangu saa nane, tafadhali, uko wapi.

Chelimo hakumlaumu. Alisema tu, "Ninakuja, mama," akaenda, karibu akikimbia. Lakini Nelima alirudi nyumbani akihesabu zile dakika zote alizozitumia kando ya barabara, na aibu ilimkaa kifuani kama kipande cha ugali mkavu. Wabuge alifariki mwezi uliofuata, asubuhi, bila maumivu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Nelima alimshukuru Mungu, akamshukuru Chelimo, na tangu hapo akataka jambo moja tu hapa duniani: yule muuguzi apate pikipiki.

Sasa, Nelima alikuwa na marafiki wawili. Wa kwanza alikuwa Jepkosgei, mkimbiaji wa zamani aliyewahi kushinda mbio ndefu huko Ulaya na kwa zawadi yake akafungua hoteli ya chai na maziwa. Medali yake bado ilining'inia ukutani juu ya vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando. Wa pili alikuwa Seline, naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa kupanga mambo na kuwapanga watu. Kila Jumapili mchana walikutana hotelini kwa Jepkosgei. Jumapili moja Seline akaja na neno.

"Kuna watu wanapanda mlima," alisema, "na wenzao wanatoa ahadi. Wakifika juu, zile ahadi zinalipwa, hospisi inapata. Sisi hapa tuna bingwa. Jepkosgei atapanda Elgon."

Jepkosgei alikubali kabla chai haijapoa. Walidhani kazi imekwisha. Walisahau wanaishi Eldoret.

Walizunguka wiki nzima na hawakupata hata ahadi ya kiberiti. Watu waliwasikiliza kwa heshima, wakatikisa kichwa, wakarudi kwenye shughuli zao. Aliyewaeleza ukweli alikuwa Mzee Kipyego, mkulima wa Cheptiret, aliyekuja kibandani kwa Nelima kushonewa mifuko ya koti.

"Jepkosgei apande mlima?" aliuliza. "Hiyo ni kama kulipa samaki aogelee. Huyo tunajua atafika. Sasa mimi natoa mali yangu ya nini?" Akamgeukia Nelima, akamwangalia kuanzia kilemba mpaka viatu, na macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Lakini kama ni huyu mama angepanda! Hiyo sasa ni maneno. Akifika juu, mimi natoa mtamba. Ile nyekundu, na iko na mimba."

Kibanda kizima kilivunjika mbavu. Mwanabodaboda mmoja aliyekuwa anangoja suruali yake alisema yeye atatoa tairi mpya. Nelima alicheka nao, kama kawaida yake. Kisha akasimamisha cherehani, akakata kipande cha kitambaa cha sare, akakisukuma mezani pamoja na kalamu.

"Mzee," alisema, "andika."

Mzee Kipyego aliandika, kwa maana mbele za watu mwanamume harudi nyuma. Lakini aliweka masharti. "Afike na miguu yake. Asibebwe, asisukumwe, asivutwe na kamba. Na akifika anipigie simu akiwa hapo hapo juu, nisikie upepo."

Habari zilienea mjini upesi kuliko moto wa nyasi. Kila mtu alitaka kuahidi, kwa kuwa kila mtu alikuwa na hakika hatalipa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliahidi mabati. Wauza viatu waliahidi, wauza samaki waliahidi. Hata mchungaji wake Nelima, Mungu amsamehe, aliahidi huku akitabasamu. Nelima alimkatia kila mmoja kipande cha kuandikia, akaviunganisha vile vipande kwa cherehani, vya kijani, vya damu ya mzee, vya kijivu na vya madoadoa, mpaka vikawa leso moja ndefu ya kujifunga mabegani.

"Nelima," alisema Seline akiisoma ile leso, "hizi si ahadi. Haya ni matusi."

"Ni matusi yatakayonunua pikipiki," alisema Nelima. "Waache watukane."

Lakini usiku hakulala vizuri. Alikuwa ameuona Mlima Elgon kila asubuhi ya utoto wake kutoka mlangoni kwa mama yake, na hata siku moja mlima ule haukuwahi kumkaribisha. Aliogopa. Kuchekwa aliogopa kidogo, na kurudi mikono mitupu aliogopa sana.

Jepkosgei akawa kocha. Siku ya kwanza alimwamsha Nelima saa kumi na moja alfajiri wakimbie. Nelima alikimbia hatua tisa, akasimama, akasema, "Mimi nimemaliza, nyinyi endeleeni." Kwa hiyo wakabadilisha. Kila Jumamosi walitembea kutoka mjini mpaka Cheptiret, kwa mwendo wake Nelima, na huko wakanywa chai kwa Mzee Kipyego kabla ya kurudi kwa gari. Mara ya kwanza walifika jua la mchana likiwa limeshapinda, na mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mara ya nne walifika mapema. Mara ya sita walimkuta hata hajamaliza kukamua kwa mchana. Siku hiyo mzee hakucheka. Aliwaacha wakinywa chai, akaenda zizini, akasimama akimtazama yule mtamba wake mwekundu kwa muda mrefu.

Februari, siku za jua kali, wakaenda. Gari liliwapandisha kupita msitu wa mianzi, kupita miti iliyofuga ndevu, mpaka mahali barabara inapoishia na baridi inapoanzia. Walipiga hema hapo. Mwelekezi wao aliitwa Emmanuel, kijana wa huko huko mlimani, mwenye maneno machache.

"Huku hakuna mashindano," aliwaambia asubuhi ya Jumamosi. "Hewa ni kidogo. Kichwa ikianza kuuma, mnasema. Mtu asijifanye."

"Kijana, mimi nimezaliwa juu," alisema Jepkosgei, akaondoka mbio.

Ilikuwa raha kumtazama, lazima isemwe. Alipanda mbele mpaka akawa nukta, akarudi akitabasamu kuwauliza wamefika wapi, akapanda tena. Alifanya hivyo mara tatu, mara nne, kama mbwa aliyefunguliwa asubuhi. Seline alimwambia kutangulia si kufika. Jepkosgei akamwambia hiyo methali ilitungwa na watu waliochelewa.

Nelima hakuwa na pumzi ya kujibu mtu. Magoti yalimuuma, kifua kilimbana, na kila alipoinua macho kilele cha Koitobos kilikuwa pale pale. Pembeni mwa njia ilisimama mimea mirefu ya ajabu, kama sukuma wiki iliyosahauliwa shambani mpaka ikawa mti, na kila alipoufikia mmoja alitamani kuukumbatia na kubaki hapo. Alijiambia ataacha akifika ule pale. Alipoufikia, akajiambia ule mwingine. Mwisho hata uwongo huo ukamshinda.

Basi akafanya alichokijua. Alijisemea kwamba Wabuge alikuja kutembea, sasa anaenda zake, na yeye anamsindikiza. Miguu ikaelewa mara moja. Akaanza kumsimulia kwa sauti ya chini: bei ya uzi imepanda, paa la jikoni linavuja, yule jirani waliyemkopesha ngazi bado hajairudisha. Seline, aliyekuwa nyuma yake, alidhani ni maombi, na kila Nelima alipotulia alijibu "Amina."

Walikaribia kabisa. Mwamba wa kilele ulisimama mbele yao, karibu hata mtu angeweza kuona nyufa zake, na Emmanuel alisema ni saa moja tu, au tuseme mbili kwa mama. Ndipo walipomkuta Jepkosgei. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, uso umekuwa rangi ya jivu, ametapika mbele ya viatu vyake vya mbio.

"Ni jua tu," alisema. Lakini alipojaribu kusimama alipepesuka, na alipotaka kumwita Seline alimwita kwa jina la dada yake.

Emmanuel hakusubiri. "Huyu anashuka sasa hivi. Akishuka atapona, akibaki ni hatari. Njia inaonekana, mwalimu anaweza kumshika wakashuka wawili polepole. Mimi nimpeleke mama juu." Akamtazama Nelima. "Ni wewe utasema."

Nelima aliutazama mwamba. Ile leso ilikuwa mabegani mwake, mtamba mwekundu na mabati na tairi, na alijua vizuri kwamba akigeuka hapa vyote vinageuka naye. Aliisikia tena ile sauti ya mwanamke kwenye simu: uko wapi. Alitaka kupanda. Hakuwahi kutaka kitu hivyo tangu aombe Wabuge apone. Halafu Jepkosgei, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwomba mtu yeyote amngoje, akanyoosha mkono akashika upindo wa sweta yake.

"Nelima," alisema, "usiniache."

Nelima alifuta jasho. "Mgeni hasindikizwi na macho," alisema. Akamtia Jepkosgei mkono kwapani upande mmoja, Emmanuel upande mwingine, wakashuka.

Alilia njia nzima na hakujificha. Jepkosgei alidhani analiliwa yeye na akawa anambembeleza, "Usilie, sijafa." Kwa kweli Nelima alikuwa anailia pikipiki.

Walipofika hemani rangi ilikuwa imerudi usoni mwa Jepkosgei. Jioni alikunywa chai, akala viazi viwili, akawakumbuka wote kwa majina. Akili ilipomrudia vizuri ndipo akaelewa alichofanya. Aliinamisha kichwa.

"Nimekuharibia," alisema. "Mimi, kocha. Nimefanya kitu hata mtoto wa shule hawezi kufanya."

"Umefanya," alisema Seline, kwa kuwa walimu hawasamehei kabla ya kusahihisha.

Emmanuel alikuwa anapuliza moto. "Kibali chenu kinaisha kesho jioni," alisema bila kugeuka. "Chakula iko. Hali ya hewa iko sawa. Shida ni kama miguu ya mama iko."

Wote wakaitazama miguu ya Nelima. Magoti yalikuwa yamevimba kama mikate ya boflo. Jepkosgei alichukua dawa ya kuchua kwenye begi lake, ile ile aliyoitumia siku za mashindano, akakunja mikono ya jaketi, akapiga magoti. Alimchua Nelima kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye mapaja, kwa vidole vinavyojua kila msuli unapokaa, kwa muda wa saa nzima. Nelima alipiga mayowe, kisha akaguna, kisha akalala akikoroma kabla giza halijaingia sawasawa.

Asubuhi ya Jumapili nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Seline aliomba, safari hii maombi ya kweli. Emmanuel alimsimamisha Jepkosgei mbele yake akamkagua machoni.

"Kichwa?"

"Hakuna."

"Ukidanganya tunarudi wote."

"Sidanganyi. Lakini leo siendi mbele." Jepkosgei akaenda akasimama nyuma ya Nelima. "Leo nakanyaga pale anakanyaga. Leo mimi ndio namsindikiza."

Na hivyo ndivyo walivyopanda. Mwanamke ambaye mji mzima ulisema hawezi kupanda hata mara moja, akaianza njia ile ile mara ya pili, na nyuma yake bingwa wa Ulaya akitembea kama anaenda kuchota maji. Mwanzoni Jepkosgei aliona ni mateso. Alikuwa hajui afanye nini na mikono yake. Baada ya saa moja aliuliza kile kindege chenye mkia mrefu kinaitwaje. Baada ya saa mbili akaanza kusimulia jambo ambalo marafiki zake hawakuwahi kulisikia, jinsi alivyomaliza zile mbio za Ulaya akageuka nyuma na kukuta hakuna mtu wa kumkumbatia, kwa kuwa wote walikuwa bado njiani. Walicheka, Nelima akisimama ili acheke vizuri, kwa maana kucheka na kupanda kwa pamoja vilimshinda.

Walipita lile jiwe la jana. Njia ikawa mawe matupu, Nelima akitumia mikono na miguu, pumzi ikipiga filimbi. Hakuutazama mwamba tena. Alitazama tu pa kuweka mguu, akauweka, akatazama pengine. Mara akainua mguu na hakuona pa kuuweka. Alidhani amepotea njia.

"Mama," alisema Emmanuel, "imeisha."

Nelima alisimama. Pande zote kulikuwa chini. Upande wa Kimilili mawingu yalikuwa yamefunika, lakini alijua mlango wa mama yake ulikuwa wapi, akanyoosha kidole kuuonyesha. Furaha ilimjaa hata akaogopa kufungua mdomo. Alipoufungua, alisema taratibu, na hakumjali anayesikia: "Wabuge, tumefika barabarani. Mimi narudi. Enda salama."

Seline akasema, "Amina," na safari hii alijua anaitikia nini.

Halafu wakapiga simu. Huko Cheptiret ilikuwa saa ya mahubiri, na simu ya Mzee Kipyego ikalia katikati ya kanisa. Mtu mwingine angeizima. Mzee alitazama jina, akaipokea.

"Mzee, mimi Nelima. Nisikilizie upepo." Akainua simu juu, leso yake ya ahadi ikipiga kelele mabegani kama bendera.

Ikaja sauti ya mzee, ambayo watu wa viti vya nyuma walisimulia baadaye: "Wui! Huyu mama amefika!" Kwaya iliyokuwa haijui ni kuhusu nini ikapiga vigelegele. "Lakini si mlisema ni jana? Mimi jana nimengoja simu mpaka nikalala usingizi mzuri sana."

Seline alimnyang'anya Nelima simu. "Jana alikuwa amekaribia, Mzee. Bingwa wetu akaugua, Nelima akamshusha mpaka chini. Leo amepanda upya. Huyu amepanda mara mbili!"

"Mara mbili," alisema mzee. Akavuta pumzi. "Bahati yangu sikuandika kwa kila safari."

Ahadi zililipwa, nyingine kwa furaha, nyingine kwa kununa, lakini zote zililipwa, kwa kuwa Nelima alipita kila mlango akiwa amejifunga ile leso, na hakuna aliyeweza kukataa mwandiko wake mwenyewe. Mchungaji alilipa na kuhubiri juu ya imani haba, yake. Mtamba mwekundu aliletwa hospisi na Mzee Kipyego mwenyewe, amemsugua mpaka anang'aa, na mzee alisimama uani akiwaeleza watu wote kwamba yeye tangu mwanzo alijua mama atafika.

Mvua za kwanza zilipoanguka na watu wakaingia mashambani kupanda mahindi, Chelimo alikuja West Indies juu ya pikipiki ya bluu iliyonunuliwa kwa zile ahadi. Wanabodaboda ndio waliomfundisha, na tairi la nyuma lilikuwa la yule wa suruali. Aliiegesha mbele ya kibanda. Nelima aliizunguka mara mbili, akaigusa taa, akakigusa kiti, akalia kidogo, akacheka sana. Wakanywa chai. Kisha Chelimo akatazama saa, akainuka.

Nelima naye akainuka. Alichukua sweta msumarini, kama alivyozoea, akatoka nje kumsindikiza. Chelimo akavaa helmeti, akawasha. Nelima akabaki amesimama na sweta mkononi.

"Sasa wewe," alisema, "nitakusindikiza namna gani?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Miezi yote alitaka kitu cha kumpeleka Chelimo haraka, na sasa kilikuwa hapa kinanguruma, na ile njia yao ya maongezi, iliyomshika mkono katika siku mbaya kuliko zote, ilikuwa imekwisha. Alijaribu kutabasamu. Chelimo aliuona uso wake.

"Panda," alisema Chelimo.

"Nani?"

"Wewe. Si nasikia unajua kupanda." Akasogea mbele kwenye kiti. "Naenda kwa mzee mmoja huko Munyaka. Mimi nitamwosha, nitampa dawa. Lakini mke wake hajaongea na mtu wiki mbili. Amekaa tu anauma midomo. Huyo hana dawa kwa begi yangu."

Nelima aliitazama pikipiki kama alivyowahi kuutazama mlima. Kisha akaanza. Jaribio la kwanza sketi ilikataa. La pili aliupata mguu mmoja ng'ambo na kukwama hapo, nusu ya dunia huku na nusu kule, akicheka mpaka pikipiki ikatikisika. La tatu, mshonaji wa kibanda cha jirani akimsukuma na muuza mboga akimpokea, akakaa. Aliifunga leso yake vizuri. Akamkumbatia Chelimo kiunoni.

"Polepole, sivyo?" aliuliza Chelimo.

Nelima alifumba macho. "Hapana," alisema. "Kimbiza. Kuna mtu anangoja."

Kule barabarani wanabodaboda walimwona Nelima anakuja, wakazima injini zao kwa mazoea, wakaegemea pikipiki zao wangoje. Kabla hawajakaa vizuri, alikuwa ameshapita.